Kadiri ya Nyama Katika Karamu Zetu

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu Mtukufu, Mruzuku wa viumbe vyote, aliyetuumbia wanyama wa kufuga tukapata kwao nyama, maziwa na ngozi, na akakiwekea kila kitu kipimo chake. Tunamwomba amteremshie rehema na amani Mtume wetu Muhammad, na ahali zake, na sahaba zake, na kila aliyefuata mwendo wao.

Ama baad. Enyi Waislamu, huenda baadhi yenu mkatabasamu mkisikia mada tuliyoichagua leo. Si desturi ya mimbari kuzungumza habari za sufuria, makaa na mizani ya bucha. Walakini dini yetu haikuacha jambo la mwanadamu bila ya kulitia adabu, na katika wilaya zetu hizi za Nachingwea na Ruangwa hakuna jambo linalowaingiza watu katika madeni, lawama na aibu kwa wepesi kama karamu. Na ndani ya karamu hakuna jambo linalokadiriwa kwa kubahatisha kama nyama. Tunataka kusema leo ni kiasi gani kipikwe, kwa watu wangapi, kitoke katika mali ya nani, na nani asisahauliwe.

Nyote mnaijua kalenda yetu. Minada ya korosho huanza kiasi cha mwezi wa Oktoba, na chama chetu kikuu cha RUNALI, ambacho jina lake limezikusanya Ruangwa, Nachingwea na Liwale, huuza mazao ya vyama vya msingi, na fedha huteremka vijijini. Hapo ndipo harusi zilizosubiri mwaka mzima hufungwa, akika zilizocheleweshwa hutolewa, hitima husomwa, na vijana waliotoka jando hufanyiwa sherehe. Kuanzia Naipanga mpaka Mbekenyera, moshi wa nyama hauishi kupanda. Kisha unaingia mwezi wa Januari na wa Februari. Ghala imepungua, shamba linadai palizi, ada za shule zinadaiwa, na aliyechinja ng'ombe mwezi wa Novemba anatafuta unga wa kukopa. Mwingine hangojei hata mnada. Korosho zikiwa bado maua juu ya mti, yeye amekwisha ziuza kwa kangomba, kwa bei ya kutupa na kwa bakuli lisilo kipimo cha serikali wala cha sharia, ili apate mbuzi wa kuwalisha watu Jumamosi. Mnunuzi huyo wa kangomba ana dhambi yake ya kupunja kipimo, na katika Sura ya Al-Mutaffifin ameonywa vikali. Lakini na sisi tujiulize ni nani aliyetupeleka mlangoni kwake.

Wapo watu wema wasemao kwamba kuhesabu chakula ni ubahili, na kwamba mwenye kuhesabu vipande huondoa baraka. Neno hili tumelisikia mara nyingi kwa wazee, na lina asili, kwa hiyo hatulidharau. Imepokewa kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba baada ya kufariki Mtume (S.A.W.) alikuwa na shayiri kidogo nyumbani, akaila kwa muda mrefu, na siku alipoipima ikaisha. Lakini imepokewa vilevile katika Sahihi Bukhari, kwa njia ya Al-Miqdam, kwamba Mtume ametuamrisha tukipime chakula chetu ili tubarikiwe. Je, hadithi hizi mbili zinapingana? Wanachuoni wamezipatanisha kwa namna iliyo wazi: kipimo kinatakiwa wakati wa kununua, wa kuuza na wa kutoa ghalani cha kupikwa, kinachochukiza ni mtu kurudi kila mara kuchungulia kilichobaki, kwa roho ya kuhofu umaskini. Basi mwenye karamu apime kabla ya kuwasha moto. Chakula kikishatengwa mbele ya wageni, afumbe macho.

Na tazameni jinsi Mtume wetu alivyokuwa na elimu ya jambo hili. Katika mwezi wa Ramadhani wa mwaka wa 2 wa Hijra, kabla ya vita vya Badri, Waislamu waliwakamata wachota maji wa Makureshi. Mtume akawauliza jeshi lao lina watu wangapi. Wakajibu kuwa ni wengi, idadi yao hawaijui. Akawauliza swali jingine: huchinja ngamia wangapi kwa siku? Wakasema siku moja tisa, siku nyingine kumi. Mara hiyo akatambua kuwa watu hao ni baina ya 900 na 1,000, na ndivyo walivyokuwa. Ngamia mmoja kwa watu 100 kwa siku. Yeye aliijua nyama, kwa nyama akawajua watu. Sisi tunawajua watu wetu mmoja mmoja, kwa majina na kwa koo, na bado nyama hatuijui.

Tuingie sasa katika hesabu yenyewe. Wanawake na wapishi watatusamehe, kwa kuwa wao wanayajua haya kuliko sisi, na mengi tunayoyasema tumeyachukua kwao.

Jambo la kwanza ni kujua wageni. Mjini watu hutoa kadi, na mwenye kadi huhesabika. Kijijini kwetu mwaliko ni wa mdomo, na asiyealikwa naye huja, na si adabu kumrudisha. Kwa hiyo msihesabu majina mliyoyaandika, hesabuni nyumba. Mwulizeni balozi wa nyumba kumi, atakwambieni kila nyumba ina vinywa vingapi. Ongezeni wanaotoka vijiji vya jirani kwa sababu ya udugu. Kisha, na hapa ndipo penye kusahauliwa sana, ongezeni watu wa nyuma ya nyumba: wapishi, wachota maji, wapasua kuni, wanawake waliotwanga na kupepeta tangu alfajiri, walimu wa madrasa na watoto wao waliokuja kusoma kasida. Hao wanaweza kufika robo ya wageni wote, na katika karamu nyingi hesabu yao haimo.

Wazee wetu hawakuhesabu vichwa, walihesabu masinia, na hii ndiyo njia bora kwetu mpaka leo. Sinia moja hukaliwa na watu wazima sita, au watoto wanane. Wageni 180 ni masinia 30. Hii ni hesabu ambayo hata asiyejua kuandika anaweza kuifanya kwa punje za mahindi juu ya mkeka, punje moja kwa kila sinia.

Jambo la pili ni kujua nyama itapikwaje. Ikiwa ni pilau au wali na mchuzi, nyama ni kitoweo tu, na wali ndio ushibishao. Kilo moja ya nyama mbichi pamoja na mifupa yake yatosha sinia moja, na kilo moja ya mchele kwa sinia hiyo. Masinia 30 ni kilo 30 za nyama. Mbuzi wetu wa asili, aliye mzima na mwenye afya, huwa na uzito wa kilo 25 hivi angali hai. Akishachinjwa, akachunwa na kutolewa matumbo, kichwa na miguu, hubakia chini kidogo ya nusu ya uzito huo, yaani kilo 11 au pungufu. Basi mbuzi watatu wanawatosha wageni 180 kwa pilau, na matumbo na vichwa vikapikwa supu ya wale waliokesha wakifanya kazi.

Ikiwa ni nyama ya kuchoma, hesabu hubadilika kabisa, na hapa ndipo wengi wanapoaibika. Siku hizi vijana wanapenda nyama ichomwe juu ya wavu, iletwe na muhogo au ndizi na kachumbari. Ni chakula kizuri, wala hatukikatazi, Nabii Ibrahimu (A.S.) aliwakirimu wageni wake kwa ndama aliyechomwa, kama ilivyoelezwa katika Sura ya Hud. Lakini moto una fungu lake. Katika kilo moja ya nyama ya mbuzi, robo nzima yaweza kuwa mifupa. Katika robo tatu zilizobaki, makaa hukausha maji na kuyeyusha mafuta, hata robo au theluthi ya uzito ikapotea. Kinachofika mkononi mwa mgeni ni nusu kilo na kidogo juu yake. Na kwa kuwa hakuna wali wa kuisindikiza, mgeni hutegemea nyama hiyo ndiyo imshibishe. Kwa hiyo kilo moja mbichi huhesabiwa kwa watu watatu, si kwa sita. Wageni wale wale 180 wanahitaji kilo 60, yaani mbuzi watano au sita. Mtu aliyepanga mbuzi watatu wa pilau, kisha siku mbili kabla ya shughuli akashawishiwa achome, amejipunguzia chakula nusu nzima bila ya kujua, na atayaona hayo masinia kumi na tano ya mwisho yanapokwenda na mihogo mitupu.

Mtoto wa chini ya miaka kumi na miwili huhesabiwa nusu. Kuku wa kienyeji aliyesafishwa ni kilo moja hivi, kwa hiyo ni wa watu wanne kwa mchuzi. Anayenunua steki isiyo mfupa apunguze robo katika kipimo. Ng'ombe ni habari nyingine. Zamani wilaya hizi zetu hazikuwa na ng'ombe wengi kwa sababu ya mbung'o, na mbuzi na kuku ndio waliokuwa nyama ya karamu. Tangu mwaka 2006 na 2007, wafugaji walipohamishwa kutoka bonde la Usangu na baadhi yao wakaletwa katika Mkoa wetu wa Lindi, ng'ombe wameonekana zaidi. Hapo ikaingia fakhari mpya: harusi isiyo na ng'ombe haisemwi. Lakini ng'ombe wa asili hutoa nyama kilo 100 au zaidi. Mwenye wageni 180 wa pilau akichinja ng'ombe, amechinja mara tatu ya haja yake, katika joto la Novemba, mahali pasipo barafu. Mpaka jioni nyama imeanza kunuka, na mbwa wameshiba.

Mafundi wa shughuli wana hila moja nzuri ambayo tunapenda kuieneza. Ukiwa huna hakika ya wageni, mchinje wale uliokwisha wahesabia, na mbuzi wa akiba mfunge mtini nyuma ya nyumba akila majani. Nyama iliyochinjwa huharibika, mbuzi aliye hai haharibiki. Asubuhi, watu wanapokusanyika kwa dua, mtume mtu ahesabu mikeka. Ukiona wamezidi, zipo saa mbili au tatu za kumchinja, kumchuna na kumtia chunguni kabla ya chakula cha adhuhuri. Ukiona hawakuzidi, mbuzi wako yu hai, na mwezi wa Februari atakulipia ada ya mtoto.

Tumesema juu ya kukadiria, na huenda watu wa Nachingwea wakajua kuliko wengine wote hasara ya makadirio ya kubuni. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga katika nchi yetu, Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Wataalamu walizunguka nchi kwa muda wa wiki chache, wakaandika kwamba zitalimwa ekari zaidi ya milioni tatu. Hawakuwauliza vya kutosha wenye ardhi habari za mvua, udongo na visiki. Zikaja mashine, zikajengwa nyumba, ikajengwa bandari ya Mtwara na reli ya kutoka huko kuja hapa. Mwaka 1951 mradi uliachwa, na zaidi ya paundi milioni 30 zimepotea. Reli nayo iling'olewa baadaye. Jina la Stesheni tunalo, gari moshi hatunalo. Wale walikuwa na vitabu na kalamu, wakakadiria kwa matamanio. Sisi hatuna budi kukadiria kwa kuuliza.

Turudi kwenye karamu. Kuna hadithi maarufu ya Sahaba Jabir (R.A.) katika siku za kuchimba handaki, mwaka wa 5 wa Hijra. Alimwona Mtume ana njaa kali. Akaenda kwa mkewe, akakuta pishi moja ya shayiri na kibuzi kidogo. Akachinja, mkewe akasaga, kisha akamwendea Mtume kwa siri akamwomba aje na watu wachache tu. Mtume akawaita watu wote wa handaki, kiasi cha 1,000, wakala wakashiba, na chungu bado kimejaa. Baadhi ya watu huitumia hadithi hii kusema: piga bismillahi, chakula kitatosha. Sivyo. Tazameni alichokifanya Jabir: alihesabu kilichokuwamo nyumbani, akaalika kwa kadiri yake. Huo ndio wajibu wake, naye aliutimiza. Yaliyofuata ni muujiza wa Mtume, na miujiza haiwekwi katika bajeti ya harusi.

Lililo haki yetu kulitumainia ni lile alilotufundisha, kwamba chakula cha watu wawili huwatosha watatu, na cha watatu huwatosha wanne. Hili si neno la kupunja wageni. Maana yake ni kwamba ukihesabu vizuri na wageni wakazidi kwa theluthi moja, usifadhaike, usimfukuze mtu, wala usitume mtu mbio kwenda kukopa. Panua mikono, ongeza maji katika mchuzi kama alivyousiwa Abu Dharr kwa ajili ya majirani, na watu watatosheka. Lakini wakizidi maradufu, hapo hukuhesabu.

Ama ukubwa wa karamu, haukuwekewa kima kimoja. Mtume alimwambia Abdurrahman bin Auf, mfanya biashara tajiri wa Madina, afanye walima japo kwa kondoo mmoja. Walima wa Bibi Zainab ulikuwa wa kondoo mmoja, na Anas (R.A.) amesema hakuona walima mkubwa kuliko huo kwa wake zake wengine. Walima wa Bibi Safiyya, njiani wakirudi kutoka Khaibar, haukuwa na nyama kabisa. Zilitandikwa ngozi, zikawekwa tende, jibini na samli. Basi kijana wa Mnacho au wa Nandagala ambaye hana zaidi ya magunia mawili ya korosho asiambiwe kuwa ndoa yake haikutimia kwa kukosa ng'ombe. Na wazazi wa binti wanaotoa sharti la ng'ombe juu ya mahari, wanawazuilia vijana halali na kuwasukuma kwenye haramu. Tunalisema hili kwa ukali kwa sababu tumeliona.

Mtume ametaja pia kwamba chakula kiovu kabisa ni chakula cha walima wanaoalikwa matajiri na wakaachwa maskini. Twaona leo maskini hafukuzwi, lakini huachwa kwa njia nyingine: huketishwa sinia ya mwisho. Meza ya wakubwa hupelekewa mapaja na mbavu, masinia ya katikati hupata shingo na mifupa, na wanawake wazee nyuma ya nyumba hupelekewa wali wenye rangi ya mchuzi. Tumehudhuria karamu ambamo mbuzi saba walichinjwa kwa watu wasiofika 200, na bibi mmoja mjane, aliyepepeta mchele tangu usiku, akaondoka na ukoko wa sufuria ndani ya kanga yake. Nyama haikuwa kidogo siku ile. Dawa yake ni nyepesi: kabla ya sinia ya kwanza kutoka jikoni, fungu la watu wa nyuma litengwe, lifunikwe, likabidhiwe mwanamke mmoja mwaminifu. Na kipande cha nyama kitiwe na mtu mmoja aliyechaguliwa, ajuaye idadi ya masinia, si kila kijana apitaye na upawa. Majirani zetu Wakristo nao wana haki ya ujirani katika chakula hiki, nao tumekaa nao tangu mababu; waingizwe katika hesabu, wasiwe watu wa kukumbukwa wakati wa makombo.

Sasa tunafika kwenye jambo zito zaidi, nalo ni nyama ya msibani. Ja'far bin Abi Talib (R.A.) alipouawa katika vita vya Muta, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume aliwaamrisha watu wawapikie chakula jamaa wa Ja'far, kwa kuwa wamefikwa na la kuwashughulisha. Majirani ndio wapikao, na wafiwa ndio walao. Sisi tumeligeuza. Mfiwa ndiye apikaye, na sisi ndio tulao, siku ya tatu, siku ya saba, siku ya arobaini. Na mbuzi hao hutoka wapi? Mara nyingi hutoka katika mali ya marehemu.

Enyi Waislamu, mtu akifa, mali yake si yake tena. Hulipwa gharama za maziko, zikalipwa deni zake, ikatekelezwa wasia wake usiozidi theluthi, na kinachobaki ni cha warithi kwa mafungu yaliyotajwa. Ikiwa miongoni mwa warithi kuna mtoto asiyebaleghe, hapana mtu mwenye ruhusa ya kukigusa kilicho chake kwa ajili ya kulisha watu, si mjomba, si baba mdogo, si mwalimu anayesoma hitima. Hata yule mtoto akisema ameridhika, ridhaa yake haihesabiwi. Na katika Sura ya An-Nisaa wanaokula mali ya yatima kwa dhuluma wametajwa kuwa wanakula moto matumboni mwao. Basi fikirini: mtu ametoka mbali kuja kumwombea maiti, akapewa sahani ya pilau, akala kipande ambacho ni cha mtoto wa miaka mitano aliyefiwa na baba. Kukadiria hapa si habari ya kilo ngapi kwa sinia. Kadiri ya nyama katika mali ya yatima ni sufuri.

Anayetaka kusoma hitima na asome. Qur'ani haihitaji mbuzi. Wakubwa miongoni mwa warithi wakitaka kutoa sadaka, watoe katika mafungu yao wenyewe baada ya kugawanywa. Na majirani wakichanga, kila nyumba kibaba cha mchele na chochote cha kitoweo, wakapika wao, hapo sunna imerudi mahali pake. Tunajua viko vijiji katika wilaya zetu ambavyo vikundi vya kina mama huchangiana hivi, na wafiwa hawanunui hata chumvi. Mwenyezi Mungu awalipe kheri.

Imebaki Idi ya kuchinja, nayo ina hesabu yake mbali. Ng'ombe hushirikiana watu saba, kama walivyofanya Masahaba pamoja na Mtume katika mwaka wa Hudaibiya. Akitoa nyama kilo 105, kila fungu ni kilo 15. Mbuzi ni wa mtu mmoja pamoja na watu wa nyumba yake katika thawabu. Sisi tufuatao madhehebu ya Imamu Shafi ni lazima sehemu ya nyama hiyo itolewe kwa maskini ikiwa mbichi, naye aifanye apendavyo, aipike, aikaushe au aiuze. Kwa hiyo mila hii mpya ya kuchoma mnyama mzima siku ya Idi na kuwaita maskini waje wale hapo hapo haitoshelezi. Toeni kwanza fungu la maskini, lifike mlangoni kwake. Lililobaki ndilo la wavu na makaa. Na mnyama aliyewekewa nadhiri hutolewa wote, mwenyewe hali hata ini.

Zamani Mtume alikataza nyama ya Idi isiwekwe zaidi ya siku tatu. Mwaka uliofuata akaruhusu, akaeleza kuwa katazo lile lilikuwa kwa sababu ya watu wenye shida walioingia Madina mwaka ule. Mwaka wa njaa nyama ilitakiwa itoke yote; mwaka wa neema iliruhusiwa kukaushwa. Basi kila mwaka mwenye kuchinja atazame kwanza hali ya mji. Mwaka ambao mvua zimekosekana na ufuta na mahindi yamekauka shambani, fungu la nyumba lipunguzwe na fungu la nje liongezwe.

Kamati za misikiti zinazopokea wanyama wa sadaka kutoka mbali nazo zifanye hesabu mapema, siyo asubuhi ya Idi watu wakiwa wamesimama jua kali. Iandikwe orodha ya nyumba za wajane, wagonjwa na vikongwe; igawanywe jumla ya kilo kwa idadi ya nyumba; itumike mizani, na mizani ya chama cha msingi inaweza kuazimwa msimu wa korosho ukiwa bado. Nyumba ya watu wanane isipewe sawa na nyumba ya watu wawili. Asiyeweza kutembea apelekewe.

Na mchinjaji alipwe ujira wake kwa fedha. Sayyidna Ali (R.A.) amesema kwamba Mtume alimwamrisha asimpe mchinjaji kitu katika mnyama yule kuwa ni malipo, bali walikuwa wakimlipa kutoka kwao. Akipewa nyama kama zawadi baada ya kulipwa ujira wake, hapana ubaya. Ngozi haiuzwi, hutolewa sadaka, au mwenyewe huitumia nyumbani kwa msala au kwa kukalia.

Wabillahi taufiki. Simameni, safu zinyoshwe.